Mchoro wa Mtoto Si Ramli: Tiba kwa Sanaa ni Nini Hasa?

Mpiga ramli wa kale alitandaza mchanga, akachapa nukta na mistari kwa ncha ya kidole, kisha akasoma humo habari za mgonjwa, za mwizi au za msafiri aliyechelewa kurudi; na neno lenyewe, ramli, asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya mchanga. Huukumbuka mchanga ule kila ninapopokea, katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, ule ujumbe unaozunguka bila kuchoka wenye orodha ya "dalili" katika michoro ya watoto: akipaka rangi nyeusi ana huzuni, akichora mtu asiye na mikono amepigwa, akichora nyumba isiyo na mlango kuna jambo analificha. Mara nyingi ujumbe huo hutaja pia tiba kwa sanaa, kana kwamba tiba hiyo ni elimu ya kusoma karatasi ya mtoto kama mpiga ramli alivyosoma mchanga.

Sivyo ilivyo, na kosa hili si dogo. Mzazi anayeamini kwamba mchoro ni ramli hupata hofu pasipo na hatari, au hutulia mahali ambapo hakupaswa kutulia, kwa sababu mtoto wake huchora maua na jua kila siku.

Tuanze na maneno yenyewe. Tiba kwa sanaa ni aina ya tiba ya kisaikolojia ambamo mtoto huchora, hupaka rangi, hufinyanga au hukata na kubandika vitu, akiwa pamoja na mtaalamu aliyesomea sanaa na saikolojia kwa pamoja, katika saa na mahali palipopangwa, kwa lengo linalojulikana. Ustawi wa kihisia, ambao ndio lengo lenyewe, ni uwezo wa mtoto kuhisi yanayompata, kuyatambua, kuyavumilia bila kuzidiwa nayo, na kurudi katika hali yake baada ya kutikiswa. Si kufurahi wakati wote. Mtoto aliyefiwa na bibi yake akalia wiki nzima, kisha akarudi kucheza huku akimtaja bibi mara kwa mara, hana tatizo la ustawi; anaomboleza kama tunavyoomboleza sisi.

Hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozuka, kwa kuwa kuchora kupo kila mahali: shuleni, nyumbani na kwa mtaalamu. Tufikirie miguu. Mtu anayetembea jioni kando ya bahari anatumia miguu, na afya yake inanufaika. Mwanafunzi aliye katika kipindi cha michezo anatumia miguu hiyo hiyo, lakini hapo anafundishwa na kupimwa. Aliyevunjika paja, akaondolewa plasta na kupelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, naye anatumia miguu, ila kila hatua yake ina sababu: mtaalamu anajua mfupa umeunga kiasi gani, leo atembee mara ngapi, na aache lini. Hakuna anayesema kwamba kutembea jioni ni bure kwa kuwa si matibabu, wala hakuna anayempeleka aliyevunjika paja kwenye mbio za shule. Kuchora nyumbani ni ile matembezi ya jioni, somo la sanaa ni kile kipindi cha michezo, na tiba kwa sanaa ni lile zoezi la hospitali.

Jina lililozaliwa wodini

Anayetajwa kuwa wa kwanza kulitumia jina hili kwa Kiingereza ni mchoraji wa Uingereza, Adrian Hill. Mwaka 1938 alilazwa kwa kifua kikuu katika hospitali iliyoko Midhurst, kusini mwa Uingereza, enzi ambazo dawa za ugonjwa huo hazijapatikana na mgonjwa aliamriwa kulala tu miezi kwa miezi. Hill alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona muda unapita na moyo unatulia, kisha akawashawishi wagonjwa wengine wafanye vivyo hivyo, wakiwemo askari waliorudishwa kutoka vitani. Mwaka 1942 akauita utaratibu huo tiba ya sanaa, na mwaka 1945 akachapisha kitabu juu yake. Kwake yeye siri ilikuwa katika tendo la kuchora: mkono ukishughulika, akili inapata mahali pa kutua.

Ng'ambo ya pili ya Atlantiki, mjini New York, Margaret Naumburg, mwalimu aliyekuwa ameanzisha shule yake mwenyewe tangu mwaka 1914, alifanya kazi katika miaka ya 1940 na watoto wenye matatizo ya tabia waliolazwa katika taasisi ya magonjwa ya akili. Yeye aliuchukulia mchoro kama usemi. Yale ambayo mtoto hawezi kuyatamka huyaweka kwenye karatasi, na kazi ya mtaalamu ni kumsaidia mtoto mwenyewe, hatua kwa hatua, ayaeleze.

Lakini kisa ninachokiona kuwa kitovu cha habari za watoto kilitokea Terezín, karibu na Prague, katika nchi ambayo leo ni Ucheki. Friedl Dicker-Brandeis, msanii Myahudi mzaliwa wa Vienna aliyesomea shule ya Bauhaus nchini Ujerumani, alipelekwa katika kambi hiyo ya Wanazi mwezi Desemba 1942. Mzigo alioruhusiwa kuchukua ulikuwa na kikomo, naye sehemu yake kubwa akaijaza vifaa vya kuchorea. Humo kambini aliwafundisha watoto kwa siri na kwa dhahiri, wakitumia vipande vya karatasi na fomu za ofisini zilizokwisha kutumika, ambazo walizikata na kuzibandika kuwa picha. Hakuwalazimisha wachore mateso waliyokuwamo. Wengi walichora nyumba walizoziacha, meza zenye chakula, mashamba na vipepeo. Alisisitiza jambo moja: kila mtoto aandike jina lake kwenye kazi yake, mahali ambapo binadamu alikuwa amegeuzwa kuwa namba. Mwezi Oktoba 1944 alisafirishwa kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akauawa huko, na wengi wa watoto wake waliuawa pia. Kabla ya kuondoka alikuwa ameficha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, ambayo sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini Prague.

Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, ambaye miaka ya 1930 alikuwa amemsaidia kuwafundisha watoto wakimbizi mjini Prague, alinusurika kwa kuhamia New York mwaka 1938. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi katika shule ya bweni ya wavulana walioshindikana majumbani na mitaani, na ndiye aliyeshikilia kwamba uponyaji umo katika kutengeneza kitu chenyewe: mvulana mwenye hasira inayompasua anapoigeuza hasira hiyo kuwa simba wa udongo aliyesimama sawasawa, kuna kazi imekwisha kufanyika ndani yake hata kama hakuna neno lililosemwa. Hapo akatofautiana na Naumburg, na wataalamu wa leo hubeba mizigo yote miwili, wengine wakiegemea huku na wengine kule. Cha kuangaliwa ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesema mtaalamu achukue karatasi, aiangalie peke yake, na atangaze ugonjwa.

Kwa nini penseli ifanye kazi ambayo maneno hayaifanyi?

Mwulize mtoto wa miaka mitano asiyetaka kwenda shule Jumatatu asubuhi ana nini, atakujibu: "Tumbo linaniuma." Hadanganyi. Sisi wakubwa tuna hazina ya misemo ya kutajia maumivu yasiyoonekana. Tunasema roho inauma, moyo mzito, tumevunjika moyo, kifua kimebana. Mtoto bado hajaipata hazina hiyo, na hofu yake anaisikia pale mwili unapoisikia, tumboni. Ukimbana kwa maswali utapata kimya au utapata jibu analodhani unalitaka. Ukimpa karatasi, unampa lugha ambayo anaimudu tangu akiwa na miaka miwili, alipoanza kuchora mikwaruzo ukutani na kuchapwa kwa ajili yake.

Sababu ya pili inahusu macho, na nadhani kwetu ina uzito wa pekee. Mtoto wetu amelelewa asimkodolee mtu mzima macho. Akizungumzishwa na mkubwa huinamisha uso, na hiyo ndiyo adabu. Sasa mweke kwenye kiti mbele ya mgeni mwenye kalamu na daftari, umwambie aeleze kilichompata usiku ule. Hali hiyo yenyewe ni ya mashtaka. Panapokuwa na karatasi mezani, mtoto na mtu mzima wanaangalia kitu kimoja wakiwa ubavu kwa ubavu, na mazungumzo yanapita kwenye karatasi badala ya kupita usoni. Mtoto anaweza kusema "huyu paka anaogopa kulala" bila ya kusema "mimi naogopa kulala", na mtaalamu mwenye busara atauliza habari za paka: analala wapi, nani yuko karibu naye, ni kitu gani kingemsaidia. Hatamwambia, "Paka huyo ni wewe, sivyo?" Kufanya hivyo ni kumvua mtoto nguo hadharani.

Tena kuna suala la mamlaka. Mtoto aliyepatwa na ajali, moto, mafuriko au ukatili alikuwa, katika saa ile, hana uwezo juu ya jambo lolote. Kwenye karatasi yeye ndiye mwenye amri. Anaweza kuongeza mlango, kuupanda mwembe mahali palipoungua, kufuta, kupaka juu ya alichokichora hadi kitoweke, au kuichana. Kufunika mchoro kwa rangi nzito si kuharibu kazi. Huenda ndiyo kazi yenyewe ya siku hiyo.

Vifaa navyo vina tabia zake, na hapa ndipo mafunzo ya mtaalamu yanapoonekana. Penseli inatii: inakwenda inakopelekwa, inafutika. Rangi ya maji haitii: inachuruzika, inachanganyika, inavuka mipaka. Udongo wa mfinyanzi unapokea ngumi na kurudi kuwa donge bila kulalamika. Mtoto ambaye tayari anahisi kila kitu kinamponyoka, ukimpa rangi ya maji siku ya kwanza unaweza kumtia kiwewe juu ya kiwewe. Huyo ataanza na penseli na karatasi ndogo, ambayo kingo zake zinamwambia kuwa jambo hili lina mwisho. Mwingine aliyejifunga kama kobe, asiyechora ila kwa rula, huenda akahitaji kusogezwa taratibu kuelekea kwenye udongo na rangi. Mtu aliyenunua boksi la kalamu za rangi na kuandika "tiba" mlangoni hayajui haya, na hatari yake iko hapo.

Kipindi chenyewe kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi saa moja, mara moja kwa wiki, chumba kilekile, na ikiwezekana kiti kilekile. Ukiingia ukatazama utashangaa jinsi mtaalamu anavyosema machache. Hasemi "Aaa, nzuri sana!", kwa sababu mtoto akishaonja sifa ataanza kuchora ili asifiwe, na wiki nzima utapewa maua. Haulizi "Hii ni nini?", swali ambalo linamwambia mtoto kwamba picha yake haieleweki. Husema, "Nieleze kuhusu picha yako," au hutaja anachokiona bila kukipa maana: "Naona hapa umekandamiza sana penseli." Kisha hunyamaza na kusubiri, na kusubiri huko ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Nyumba nyeusi

Mwaka jana dada yangu alinitumia usiku picha ya mchoro wa mwanawe wa miaka sita, ikifuatwa na ujumbe wa sauti wenye pumzi fupi. Karatasi yote ilikuwa nyeusi. Nyumba nyeusi, mbingu nyeusi, watu wanne weusi ndani ya nyumba, na katikati kidoa kimoja cheupe kilichoachwa bila kupakwa. Dada alikuwa amesoma ule ujumbe wa WhatsApp siku hiyohiyo, na alikuwa ameshaanza kuhesabu ni nani aliyemkaribia mtoto. Nilimwomba asimwulize lolote usiku ule, na asubuhi aketi karibu naye na kumwambia tu amweleze kuhusu picha. Mtoto alimtazama kama anayemwonea huruma mtu asiyejua kusoma. "Hapa umeme umekatika," akasema. Kile kidoa cheupe kilikuwa tochi ya simu ya mama.

Rangi nyeusi peke yake haina maana maalumu. Watoto wadogo huchagua rangi kwa sababu ipo karibu, kwa sababu inaonekana vizuri juu ya karatasi nyeupe, kwa sababu kaka amezimaliza nyingine, au kwa sababu umeme umekatika. Mtafiti Viktor Lowenfeld, aliyeeleza hatua za ukuaji wa mchoro wa mtoto katika kitabu cha mwaka 1947, alionyesha kwamba kabla ya umri wa kama miaka saba mtoto hahusishi sana rangi na uhalisia wa vitu; ng'ombe wa kijani ni ng'ombe kamili. Vivyo hivyo mtu asiye na mikono. Mtoto wa miaka mitatu au minne huchora duara, akatia macho, akachomoa miguu miwili moja kwa moja kutoka kichwani, na wataalamu humwita mtu huyo kiluwiluwi kwa jinsi anavyofanana na chura mchanga. Kiluwiluwi hana mikono wala kiwiliwili kwa sababu mchoraji wake ana miaka mitatu. Mwaka 1926 mwanasaikolojia wa Marekani, Florence Goodenough, alitunga jaribio la kupima akili ya mtoto kwa kumwambia achore mtu. Baadaye wengine wakajaribu kutumia michoro kugundua tabia, hofu na hata ukatili wa kingono. Tafiti zilizofuata hazikuiunga mkono ndoto hiyo: alama moja moja katika mchoro, iwe meno, mikono iliyokosekana au macho makubwa, hazitofautishi kwa uhakika mtoto aliyedhulumiwa na asiyedhulumiwa.

Hii haina maana kwamba michoro haisemi kitu. Inapojirudia kwa wiki nyingi, inapobadilika ghafla, na zaidi ya yote inapoambatana na maneno ya mtoto na mabadiliko katika maisha yake, mtaalamu huizingatia pamoja na hayo yote. Na ikiwa mtoto, akichora, atatamka kwamba kuna mtu anamuumiza, kazi ya mzazi au mwalimu si kumhoji. Maswali ya kuongoza, kama "Alikugusa hapa, sivyo?", yanaweza kuuharibu ushahidi na kumchanganya mtoto mwenyewe. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya kupokea taarifa za watoto hupigwa bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda.

Dhana nyingine zinahitaji maneno machache tu. Mtoto hahitaji kipaji. Asiyejua kuchora wakati mwingine ndiye anayenufaika haraka, maana hana sifa ya kuilinda. Tiba hii haifuti kumbukumbu. Wala si ya "wendawazimu", neno ambalo lingestahili kustaafishwa kabisa linapozungumzwa jambo la watoto.

Liko swali ambalo wataalamu kutoka mbali hulikuta kwetu pwani na kwingineko wakaliona kikwazo, nalo ni la familia za Kiislamu ambazo hazipendi kuchorwa kwa viumbe wenye roho. Sioni kikwazo hapo. Sanaa haijawahi kuwa picha ya mtu peke yake. Kuna nyumba, majahazi, miti, njia na mito. Kuna nakshi za milango ya Lamu na Unguja, hina na piko mikononi mwa bibi harusi, ukili unaosukwa kuwa mkeka wenye rangi. Mtoto anayepanga rangi za ukili, au anayefinyanga chungu na kukivunja na kukifinyanga tena, anafanya kazi ileile. Mtaalamu anayeanza kwa kuuliza familia inaridhia nini ameokoa miezi miwili ya kutoaminiwa.

Je, inafanya kazi kweli?

Swali hili lijibiwe bila ushabiki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikakubali kwamba sanaa ina nafasi kubwa katika kukinga magonjwa, kukuza afya na kusaidia matibabu. Lakini ripoti hiyo ilijumuisha muziki, ngoma, maigizo na mengineyo, na tafiti za kila daraja la ubora. Watu hupenda pia kutaja utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ambamo baada ya dakika 45 za kuchora na kufinyanga, kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, kilishuka kwa takriban asilimia 75 ya washiriki. Ni matokeo ya kuvutia, ila washiriki walikuwa 39 na wote watu wazima, na kushuka kwa homoni kwa mchana mmoja si kupona. Upande wa pili wa mizani upo utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2012, wenye watu wazima 417 wanaougua skizofrenia (ugonjwa mzito wa akili ambao huweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo), ambao haukuona kuwa tiba kwa sanaa ya vikundi iliwasaidia kuliko huduma ya kawaida.

Kwa watoto, tafiti nyingi ni ndogo na zimefanywa kwa njia tofauti, kwa hiyo zinatia moyo kuhusu wasiwasi na kiwewe bila kufunga mjadala. Kwa mtoto mwenye kiwewe kikali, ushahidi ulio imara zaidi uko kwenye tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kiwewe, na jambo la kufurahisha ni kwamba watoa tiba hiyo nao mara nyingi huwapa watoto karatasi na rangi ili wasimulie kilichotokea. Msimamo wangu ni kwamba sanaa ni njia nzuri ya kumfikia mtoto asiyefikika kwa maneno, na isiuzwe kama mbadala wa daktari pale mtoto anapokuwa na sonona nzito, degedege, au mawazo ya kujidhuru.

Tahadhari moja inahusu majanga. Katika kambi za wakimbizi, ikiwemo Nyarugusu mkoani Kigoma ambako maelfu ya Warundi waliingia mwaka 2015, mashirika huweka maeneo rafiki kwa watoto, ambako watoto hucheza, huimba na kuchora chini ya uangalizi. Hayo si matibabu, na hayahitaji kuitwa matibabu ili yawe na thamani. Yanamrudishia mtoto ratiba, wenzake na mtu mzima anayemjua kwa jina. Kosa hufanyika pale mgeni anapofika na kuwaambia watoto, "Choreni mlichokiona vitani," kisha akapiga picha na kuondoka. Mtoto amefunguliwa kidonda, na hakuna wa kukifunga.

Kumpata mtu wa kweli

Nchini Uingereza jina la mtaalamu wa tiba kwa sanaa linalindwa kisheria, na anayelitumia lazima awe amesajiliwa baada ya kusoma shahada ya uzamili. Kwetu wenye mafunzo ya namna hiyo ni wachache, na uwezekano mkubwa ni kwamba utakayekutana naye ni mshauri nasaha, mwanasaikolojia au afisa ustawi wa jamii anayetumia michoro katika kazi yake. Hakuna ubaya, mradi aseme hivyo. Muulize amesomea nini na kwa muda gani, nani anamsimamia, atafanya nini mtoto akisema amedhulumiwa, na michoro itahifadhiwa wapi. Akikuahidi kwamba ataangalia daftari la mwanao na kukwambia "tatizo lake", unaweza kuaga kwa heshima. Huyo ni mpiga ramli mwenye shahada.

Wakati wa kutafuta msaada hauamuliwi na mchoro bali na maisha. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, asiyelala au anayeshtuka kila usiku, aliyeacha kula au kucheza, aliyejitenga, anayejiumiza au kuumiza wengine, na hali hiyo ikadumu zaidi ya wiki mbili au ikazidi kuwa mbaya, apelekwe kituo cha afya ambako atapewa rufaa. Anayezungumzia kufa au kujidhuru asisubiri wiki mbili.

Na nyumbani, kwa mtoto mzima asiye na tatizo lolote, matembezi ya jioni yaendelee. Nyuma ya karatasi za mtihani zilizotumika, kipande cha mkaa juu ya boksi lililokunjuliwa, kijiti na uwanja uliofagiliwa, vyote vinatosha. Keti karibu bila kushika simu. Usimsahihishe kwamba ng'ombe ana miguu minne. Usiweke mchoro wake kwenye "status" bila kumwuliza, maana ni wake, na baadhi ya watoto hukasirika kimyakimya na kuacha kuchora.

Haki hiyo ya umiliki huheshimiwa zaidi kwenye tiba yenyewe. Michoro yote huwekwa katika jalada lenye jina la mtoto, ndani ya kabati linalofungwa, na hata mzazi haonyeshwi ovyo. Tiba inapokaribia mwisho, mtoto na mtaalamu hulitoa jalada na kulipitia karatasi kwa karatasi, tangu ile ya kwanza iliyochorwa kwa penseli kwenye kona, na mtoto ndiye anayeamua. Wapo wanaobeba zote, wapo wanaochagua moja na kuziacha nyingine kabatini, na wapo wanaoiona karatasi fulani, wakanyamaza kidogo, kisha wakaomba kuichana wenyewe.